Paa, Sungura na Mwalimu Goso: Historia ya Ngano Zilizosimuliwa Upya katika Madarasa ya Chini

Utangulizi

Kitabu kidogo cha picha kinachosimulia upya ngano ya kale ni miongoni mwa kazi ambazo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezipuuza kwa muda mrefu. Historia za fasihi yetu aghalabu huanza na tenzi, zikapitia hadithi za mapokeo, kisha zikatua katika riwaya na tamthilia. Kitabu cha mtoto wa darasa la kwanza au la pili hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kama kwamba ni mali ya vyuo vya ualimu na wakuza mitaala, wala si mali ya mhakiki. Hali hii inashangaza. Kwanza, kitabu cha aina hiyo ndicho andishi la kwanza la kifasihi ambalo Wakenya wengi hukutana nalo kwa Kiswahili. Pili, mengi ya tunayoyaona kuwa masuala makuu ya uhakiki, yaani nani anasimulia, kwa niaba ya nani, na kipi kimeachwa nje, yamo katika kurasa zake kumi na sita kama yalivyo katika riwaya ya kurasa mia tatu.

Makala hii inanuia kufuatilia historia ya ngano za Kiswahili zilizosimuliwa upya kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya darasa, kuanzia chapa za Unguja za miaka ya 1860 hadi vitabu vya picha vya siku hizi. Tutaongozwa na wahusika watatu ambao safari zao zinaweza kufuatwa kwa ushahidi wa maandishi: paa wa Sultani Darai, sungura aliyeiba asali ya simba, na mwalimu Goso aliyeangukiwa na buyu. Tunadai kwamba kubadilishwa kwa ngano si kasoro, kwa kuwa ngano haina namna nyingine ya kuishi. Kasoro imo katika desturi ya darasa ya kumpa mtoto toleo moja tu, likafuatwa na maswali ambayo majibu yake yamekwisha kuamuliwa. Desturi hiyo ina historia, na kwa kuwa ina historia, inaweza kubadilishwa.

Suala la istilahi

Inafaa kutofautisha mambo matatu. Kuna ngano kama tendo: fanani na hadhira, kianzio cha paukwa na pakawa, kiitikio, na usiku wake. Kuna ngano iliyonakiliwa, ambayo ni jaribio la mtafiti kulikamata tendo hilo kwa wino. Na kuna ngano iliyosimuliwa upya, ambapo mwandishi anayejulikana huichukua ngano iliyonakiliwa au aliyoisikia, akaipunguza, akaipanua au akaigeuza kwa makusudi ili ilingane na hadhira fulani. Kitabu cha picha kinaingia katika kundi hili la tatu, lakini kina jambo la ziada: kina wasimulizi wawili, mwandishi na mchoraji, nao si lazima wakubaliane.

Ifahamike pia kuwa usimulizi upya si jambo geni la Kiafrika wala ugonjwa wa ukoloni. Ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, ambao majina yao hutajwa kana kwamba ni muhuri wa usahihi wa ngano za Ujerumani, walizihariri hadithi zao kutoka toleo hadi toleo. Katika toleo la 1812, mwanamke anayemwonea wivu Snow White ni mama yake mzazi. Kufikia toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Badiliko hilo la neno moja lilimwokoa mama wa Kijerumani na kumtwika lawama mama wa kambo wa dunia nzima. Msomi anayelalamika kuwa vitabu vya watoto "vimeharibu" ngano asilia hana budi kwanza atuonyeshe uasilia huo unaishi wapi.

Kutoka barazani hadi chapani: 1867–1901

Jambo la kwanza linalojitokeza tunaposoma historia ya chapa ya Kiswahili ni kwamba miongoni mwa masimulizi ya awali yaliyochapishwa kwa hati za Kirumi yalikuwamo masimulizi upya ya hadithi za kigeni. Mwaka 1867, Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu alitoa Unguja kijitabu kilichoitwa Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwamo hadithi nne za Shakespeare, lakini hazikutoka kwa Shakespeare moja kwa moja. Zilitoka katika kitabu cha Charles na Mary Lamb cha 1807, ambacho nacho kilikuwa kimezigeuza tamthilia kuwa hadithi za kusomwa na vijana wa Kiingereza. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili alikuwa akipokea masimulizi upya ya masimulizi upya.

Ni nani aliyekuwa akifundishwa kusoma katika mazingira hayo? Wanafunzi wa Misheni hiyo Unguja walikuwa, kwa sehemu kubwa, watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walitoka bara, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Walikuwa wametenganishwa na bibi na babu ambao wangewasimulia ngano za kwao. Darasa la Kiswahili la chapa lilianza, basi, na hadhira iliyonyang'anywa wasimulizi wake. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa maana linatuonyesha kwamba kitabu kiliingia mahali pa fanani mapema sana, na kwa watoto hao kiliingia mahali palipokuwa pamebaki patupu.

Mwaka 1870 Steere alichapisha London mkusanyiko wake maarufu, Swahili Tales, wenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo ndimo tunamokutana na wahusika wetu watatu wakiwa tayari wamevaa wino. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa watoto. Mpangilio wake wa kurasa zinazotazamana unaonyesha wazi kuwa kiliwafaa Wazungu waliotaka kujifunza lugha. Hata hivyo, kilikuwa hazina ambayo wasimulizi wa baadaye wangeichota.

Uchotaji huo ulianza mapema, na ulianza mbali na Unguja. Andrew Lang, mhariri wa vitabu vya hadithi vilivyojulikana kwa rangi za majalada yake, aliziingiza katika The Violet Fairy Book ya 1901 hadithi kadhaa zilizotoka kwa Steere, ikiwamo ile ya paa. Sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri na kuandika upya katika mfululizo huo ilifanywa na mkewe, Leonora Lang, na michoro ilifanywa na H. J. Ford. Mwaka huohuo wa 1901, huko Chicago, George W. Bateman alitoa Zanzibar Tales kwa michoro ya Walter Bobbett. Nyingi ya hadithi zake zinalingana na zile za Steere. Bateman aliyaandika majina ya wahusika kwa namna ambayo ulimi wa mtoto wa Kimarekani ungeweza kuyatamka: sungura akawa "Soongoora", na Mkaa Jikoni akawa "Mkaaah Jeechonee". Kwa hiyo, kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, paa na sungura wa Unguja walikuwa na picha katika nyumba za Uingereza na Marekani, miongo mingi kabla ya mtoto wa Mombasa au wa Machakos kuwekewa mezani kitabu cha picha cha Kiswahili.

Kamati, Halmashauri na kitabu cha kusomea: 1930–1963

Kipindi kilichofuata kilitawaliwa na haja ya kusanifisha. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na miongoni mwa majukumu yake ilikuwa kukagua lugha ya vitabu vilivyokusudiwa shule. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye pia aliyeshughulika na tafsiri na mafupisho ya riwaya za Kiingereza: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina zilitoka 1929, na Safari za Gulliver 1932. Hadithi za Abunuwasi nazo ziliingia madarasani katika miaka hiyo ya 1930.

Wahakiki wengi wamekwisha kueleza taathira ya kiitikadi ya tafsiri hizo. Linalotuhusu hapa ni mbinu. Chini ya utaratibu wa kusanifisha, hadithi ilipimwa kwanza kwa usahihi wa sarufi na wepesi wa msamiati. Kiitikio, tanakali za sauti, lahaja ya msimulizi na wimbo uliokatiza masimulizi, vyote vilikuwa katika hatari ya kuonekana kama ziada. Hapo ndipo "kusimulia upya" kulipoanza kumaanisha "kurahisisha". Maana hiyo imedumu. Hata leo mwandishi akiulizwa amefanya nini na ngano ya kale, hujibu kuwa ameirahisisha, naye hajui kuwa anasema kwa sauti ya kamati ya 1930.

Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1948, ilipanua uchapishaji kwa lugha za Kiafrika na kuwapa waandishi wenyeji nafasi. Lakini kitabu cha darasa la chini kilibaki na sura ileile: kifungu, orodha ya maneno magumu, maswali. Swali "Sungura alikwenda wapi?" lilichukua mahali pa kiitikio cha hadhira. Mabadiliko haya huonekana madogo, ilhali yana uzito. Mtoto anayeitikia ngano ni mshiriki wa utunzi; mtoto anayejibu swali la ufahamu ni mtahiniwa. Ngano ni ileile, lakini nafasi yake mtoto imegeuka.

Baada ya uhuru: lugha, mtihani na rafu ya vitabu

Nchini Kenya, uhuru haukuipa ngano ya Kiswahili nafasi ya moja kwa moja katika madarasa ya chini. Mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ulioanza Nairobi kabla ya uhuru, ulienea haraka katika miaka ya kwanza ya uhuru, na ripoti ya Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Ni ripoti ya Gachathi ya 1976, kisha mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, vilivyokifanya Kiswahili somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi.

Mtihani ulikuwa baraka na mzigo. Ulikuwa baraka kwa sababu uliunda soko la vitabu vya Kiswahili, na wachapishaji, wa umma na wa binafsi, wakaingia katika kazi ya kutoa vitabu vya hadithi kwa ngazi mbalimbali. Ulikuwa mzigo kwa sababu kile kisichotahiniwa kilikosa muda. Ngano iliyosimuliwa upya ikawa "kitabu cha ziada", jina ambalo lenyewe linatoa hukumu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi iliruka kutoka takribani milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7. Katika darasa lililofurika, kitabu cha picha ambacho kinahitaji kutazamwa kwa karibu kiliweza kuonekana na watoto wa safu ya mbele tu.

Tanzania ilichukua njia iliyotofautiana kidogo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa 1991, ulilenga moja kwa moja upungufu wa vitabu vya kusoma kwa kujifurahisha kwa Kiswahili. Nchini Kenya, mpango wa Tusome ulioanza 2015 ulipeleka vitabu vya Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya chini ya shule za umma, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa katika Gredi ya 1 hadi ya 3 mwaka 2019, ulitoa nafasi kwa masimulizi na uigizaji. Hizi ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo lengo linalotajwa kwanza ni kasi na ufasaha wa kusoma. Swali la mhakiki, yaani mtoto anasoma nini na anakifanyia nini, bado linasubiri zamu yake.

Sungura anarudi akiwa na picha

Wakati sisi tukishughulika na mitihani, sungura wa Unguja aliendelea na safari zake. Mwaka 1989 mwandishi wa Kimarekani Verna Aardema alitoa Rabbit Makes a Monkey of Lion, kikiwa na michoro ya Jerry Pinkney na maelezo kuwa ni hadithi ya Waswahili. Chanzo chake ni "The Hare and the Lion" katika kitabu cha Bateman cha 1901. Kabla ya hapo Aardema alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa Why Mosquitoes Buzz in People's Ears ya 1975, ambayo iliwapatia wachoraji wake, Leo na Diane Dillon, nishani ya Caldecott mwaka 1976. Mwaka 1981 alikuwa amesimulia upya kwa mashairi ngano ya Wanandi iliyonakiliwa na Claud Hollis katika kitabu chake cha 1909, akaiita Bringing the Rain to Kapiti Plain, kwa michoro ya Beatriz Vidal.

Vitabu hivi vilitumiwa sana katika madarasa ya chini ya Marekani. Ni rahisi kuvishambulia. Aardema alifanya kazi na maandishi ya wakusanyaji wa enzi ya ukoloni, na katika kila hatua jina la fanani wa kwanza limezidi kufifia. Aidha, mpangilio wa hadithi ya Kapiti unafuata wimbo wa kitoto wa Kiingereza unaorundika sentensi juu ya sentensi. Lakini mhakiki mwadilifu ataona pia kwamba Aardema alikishika kitu ambacho vitabu vyetu vya kusomea vilikuwa vimekitupa: sauti. Kurasa zake zimejaa tanakali, za mnyama akitambaa, za tawi likivunjika, za kicheko. Aliiandikia kinywa cha mwalimu anayesoma kwa sauti, si jicho la mtahini. Inatia uchungu kidogo kwamba sifa ya msingi ya ngano simulizi ilidumu zaidi katika kitabu cha Kimarekani kuliko katika kifungu chetu cha ufahamu.

Funzo la safari hii ni kwamba kila toleo la sungura limeacha alama za mikono iliyolishika: Steere mwanaisimu, Bateman mwenye kuwaza hadhira ya Chicago, Aardema msomaji kwa sauti, Pinkney mchoraji. Mtu akiyatandaza matoleo haya mezani, anaona kwamba ngano si kitu kilichoanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliochagua.

Mwisho wa paa, mwisho wa Goso

Uchaguzi huo huonekana waziwazi zaidi katika miisho. Hebu tuzitazame ngano mbili.

Katika hadithi ya Sultani Darai, maskini mmoja anayepekuapekua jaani anaokota thumuni na kumnunua paa. Paa huyo anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kana kwamba ni zawadi ya bwana wake, anamwozesha maskini binti wa sultani, na hatimaye anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate jumba. Msomaji wa Perrault atamkumbuka mara moja paka mwenye viatu wa 1697. Paka wa Kifaransa, kazi yake ikiisha, anatuzwa na kuishi kwa raha. Paa wa Unguja anaugua. Anaomba apikiwe chakula kizuri. Bwana wake anaamuru apewe uji wa mtama duni. Mke anapinga, bwana hasikii. Paa anakufa kwa simanzi, sultani anamlilia, na bwana anapoamka anajikuta yuko jaani akipekua kama zamani. Lang, aliyewaandikia watoto wa Kiingereza, hakuukata mwisho huo.

Mwandishi wa leo anayetaka kuisimulia upya ngano hii kwa mtoto wa miaka saba hukabiliwa na kishawishi kikubwa. Kurasa ni chache, kifo kinahuzunisha, harusi ni picha nzuri ya kufungia. Akimalizia harusini, atakuwa ametupa hadithi ya mafanikio. Akimalizia jaani, atakuwa ametupa hadithi ya utovu wa shukrani, ambamo utajiri uliopatikana kwa jasho la mwingine hauna mizizi. Katika jamii inayotegemea kazi ya watu wasiotajwa, tofauti hiyo si ya mapambo. Watoto wa shule wanajua mtu wa nyumbani anayeugua na kupewa chakula cha mabaki. Wanao uwezo wa kuijadili hadithi hii, iwapo tutawaachia mwisho wake.

Ngano ya Goso ina mtego wa namna nyingine. Mwalimu Goso anafundisha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda mtini kuiba mabuyu. Moja linaanguka na kumuua mwalimu. Wanafunzi wanaapa kumtafuta aliyemuua. Wanaukamata upepo wa kusi na kuupiga. Kusi unajitetea kwamba kama ungekuwa na nguvu hizo, usingezuiwa na kiambaza. Wanakwenda kwa kiambaza, kisha kwa panya anayekitoboa, kwa paka, kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe, mdudu amsumbuaye ng'ombe, hadi wanamfikia paa. Kila mshtakiwa anapigwa kwanza na kuulizwa baadaye. Paa hana la kujibu, naye anauawa.

Walimu huipenda hadithi hii kwa sababu ya mnyororo wake: marudio yanamsaidia mtoto kukariri msamiati, na kila kiungo kinachoreka kwa urahisi. Kwa kipimo cha kamati ya 1930, ni kifungu bora kabisa. Lakini tazama kilichomo. Hadhira inamjua mkosaji tangu mwanzo; wanafunzi wa Goso hawamjui. Wanapofikia ukweli, wamekwisha kuwaadhibu kumi wasio na hatia. Zaidi ya hayo, hapa ndipo mahali adimu katika ngano zetu ambapo wanafunzi ndio wenye kiboko mkononi. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na ni rahisi kufikiri kwamba mwandishi mwangalifu atabadilisha "wakampiga" kuwa "wakamwuliza". Badiliko hilo lina nia njema, nalo linaua swali kuu la ngano. Bila mapigo hakuna dhuluma, na bila dhuluma hakuna cha kuuliza kuhusu haki inayoanza na adhabu na kumalizia na uchunguzi.

Hapa ndipo mchoraji anapoweza kumsaidia, au kumsaliti, mwandishi. Mchoraji akimweka paa mtini katika picha ya kwanza na mkia wake ukionekana pembeni mwa kila ukurasa unaofuata, mtoto atasoma maneno yakimshtaki kusi huku jicho lake likimwona mkosaji. Atakuwa amejifunza kwamba maneno na picha vinaweza kupingana, na kwamba msimulizi anaweza kujua asilolisema. Mchoraji akiliacha hilo, akamchora kila mshtakiwa peke yake kama katika chati ya msamiati, hadithi inarudi kuwa orodha ya nomino.

Darasani: matoleo mawili

Tukirejelea dai letu, je, mwalimu wa Gredi ya 2 au ya 3 afanye nini? Mapendekezo yetu ni machache, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kwamba ngano isifundishwe kwa toleo moja. Mwalimu mwenye kitabu kimoja cha picha anaweza kukisoma, na siku inayofuata akaisimulia ngano hiyohiyo kwa mdomo na mwisho tofauti, au akamwalika mtoto aliyeisikia nyumbani kwa namna nyingine. Swali la kuuliza halitakuwa "Paa alifanya nini?" Litakuwa "Kwa nini hadithi ya jana iliishia harusini na ya leo ikaishia jaani?" Mtoto wa miaka minane analijibu swali hili bila kuhitaji istilahi.

La pili ni kusoma picha kabla ya kusoma maneno. Watoto waitazame picha, waseme wanachodhani kinatokea, kisha mwalimu asome. Pengo kati ya dhana yao na maandishi ndilo somo lenyewe. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, makundi yanaweza kupokezana kitabu, na kundi lisilo na kitabu likaigiza mnyororo wa Goso, kila mtoto akiwa kiungo na kila mmoja akijitetea kwa maneno yake.

La tatu ni kumrudishia mwalimu na mtoto nafasi ya usimulizi. Mradi wa African Storybook, uliozinduliwa 2014, unatoa hadithi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, chini ya leseni huria inayomruhusu mtumiaji kuzitafsiri, kuzibadilisha ngazi na kutunga toleo lake. Kwa mtazamo wa historia tuliyoieleza, hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa zaidi ya karne moja, haki ya kusimulia upya ilikuwa ya wamisionari, kamati na wachapishaji. Sasa mwalimu wa Kwale anaweza kuichukua, mradi tu atambue kwamba anachofanya ni utunzi, na hivyo ana wajibu wa mtunzi: kujua anachokiacha nje na kwa nini.

Huenda ikasemwa kwamba mtoto anayejifunza herufi hawezi kubebeshwa mzigo wa uhakiki. Pingamizi hili lina uzito: mtoto asiyeweza kusoma sentensi hatasoma matoleo mawili. Lakini kusikiliza hakungoji kusoma. Hadhira za barazani zilikuwa na watoto ambao hawakujua herufi hata moja, nao walimsahihisha fanani aliyekosea mpangilio, wakadai mwisho walioupenda. Walikuwa wahakiki kabla ya kuwa wasomaji.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba ngano ya Kiswahili ya darasani haikuwahi kuwa "asilia". Ilifika kwenye chapa ikiwa na mikono mingi juu yake, ikavuka bahari, ikavalishwa picha, ikarudi. Katika safari hiyo ilipoteza kitu kimoja ambacho ni cha thamani kuliko lahaja au kianzio chochote, nacho ni hadhira yenye haki ya kuikataa. Kitabu cha picha hakiwezi kuirudisha haki hiyo peke yake, ila vitabu viwili vya ngano moja, na mwalimu anayeuliza kwa nini vinatofautiana, vinaweza.

Idara zetu za fasihi zina dhima hapa. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaweza kuanza na kazi tatu: kuorodhesha matoleo yote ya Kiswahili ya ngano za Steere yaliyochapishwa kwa ajili ya shule; kulinganisha miisho yake; na kukaa nyuma ya darasa la chini kusikiliza watoto wanavyoijibu miisho hiyo. Tukiwaachia wakuza mitaala pekee kitabu cha mtoto wa miaka saba, tusishangae anapofika chuo kikuu, miaka kumi na miwili baadaye, akituuliza jibu sahihi la riwaya ni lipi.